Maji ya Nani? Paneli za Sola Zinazoelea na Lambo la Babu

Mnaijua ile hali ya wiki ya UE. Kesho asubuhi una mtihani, umepiga msuli mpaka saa sita usiku, umeme unakatika, na hosteli nzima inapiga yowe kama timu ya nyumbani imefungwa dakika ya 90. Usiku mmoja wa namna hiyo, badala ya kulala kama watu wenye akili zao, nilitumia asilimia 11 ya chaji iliyobaki kwenye simu kusoma kuhusu paneli za sola zinazowekwa juu ya maji. Zinaelea. Hazichukui shamba la mtu. Maji yanazipoza, nazo zinayazuia maji yasikauke. Nikajiambia, hii ndiyo dawa ya kwetu.

Kwetu ni Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Jua lipo la kumwaga, na kijijini tuna lambo. Likizo ilipofika nikapanda basi na wazo langu, nikiwa nimeshachora mpaka mchoro. Jioni ya pili, ng'ombe walipokwisha kuingia zizini, nikamweleza babu jambo lote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akitafuna matobolwa taratibu. Nilipomaliza akauliza maswali mawili tu.

"Hivyo vioo vyako vikifunika lambo, ng'ombe watanywea wapi?"

Nikasema tutaacha nafasi.

"Haya. Na mwezi wa kumi, lambo likibaki tope, vioo vitaelea juu ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na GPA nzuri na mchoro wa rangi tatu, lakini jibu sikuwa nalo. Makala hii ndiyo jibu langu kwa babu. Limechelewa, lakini bora lichelewe kuliko nimpelekee tena mchoro.

Kitu chenyewe kinafanyaje kazi

Tuanze na mashine, kwa sababu si kila msomaji yuko uhandisi. Paneli inayoelea ni paneli ile ile unayoiona juu ya bati la duka la M-Pesa kijijini. Mwanga wa jua ukiipiga silikoni iliyomo ndani, umeme unatembea. Kilichobadilika ni mahali inapokaa. Badala ya chuma kilichosimikwa ardhini, paneli inalazwa juu ya maboya ya plastiki ngumu, jamii ya plastiki inayotengenezewa mabomba meusi ya maji. Maboya yanaunganishwa mengi kwa pamoja mpaka yanakuwa kama kisiwa. Kisiwa kinafungwa kwa kamba au nyaya kwenye nanga zilizo chini ya maji au kwenye ukingo, kisipeperushwe na upepo. Umeme unapita kwenye waya hadi kwenye inveta, ambayo mara nyingi iko nchi kavu, na kutoka hapo unaingia kwenye pampu, kiwanda au gridi.

Wazo si la zamani sana. Mtambo wa kwanza wa namna hii unaojulikana uliwekwa Aichi, Japani, mwaka 2007, kwa ajili ya utafiti. Mwaka 2008 shamba moja la mizabibu huko California likaweka wa kwake juu ya bwawa la umwagiliaji, kwa sababu wenyewe hawakutaka kung'oa mizabibu ili kupisha paneli. Hapo utaona chanzo cha yote: Japani ardhi ni finyu, California ardhi ya mizabibu ni ghali. Tangu hapo teknolojia imekua haraka. Katikati ya mwaka 2018 dunia nzima ilikuwa na takriban gigawati moja tu ya paneli za kuelea. Novemba 2023 Indonesia peke yake ilizindua mtambo wa megawati 192 kwenye bwawa la Cirata, Java.

Afrika nayo haiko nyuma kabisa. Ghana imeweka megawati 5 juu ya maji ya bwawa la umeme la Bui. Jirani zetu Kenya, shamba moja la mawaridi karibu na Naivasha limeweka paneli za kilowati 69 juu ya bwawa lake la kumwagilia. Ni mtambo mdogo, lakini ukumbuke huo wa Naivasha, maana tutaurudia.

Hili la ubaridi, tusidanganyane

Ukisoma matangazo ya wauzaji, sifa ya kwanza ya paneli hizi ni kwamba maji yanazipoza, kwa hiyo zinazalisha zaidi. Ni kweli. Lakini ni kweli ndogo, na sisi tuliofundishwa hesabu hatuna sababu ya kuikuza.

Paneli iliyoandikwa wati 400 ilipimwa maabara ikiwa na joto la nyuzi 25. Kwetu saa saba mchana mwezi wa tisa, paneli iliyo juani inaweza kufika nyuzi 60. Paneli nyingi za siku hizi hupoteza kama asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Zidisha: nyuzi 35 mara 0.35 ni asilimia 12 na kidogo. Ile ya wati 400 imebaki kama 351. Ndiyo maana siku ya jua kali kupita kiasi si lazima iwe siku ya umeme mwingi kupita zote. Wengi hawalijui hili.

Sasa ilaze juu ya maji, tuseme ipoe kwa nyuzi 5. Umerudisha wati 7. Ipoe kwa nyuzi 10, umerudisha 14. Si haba, ila kwa wati 14 hutajenga hoja ya kununua maboya, nanga, nyaya maalumu na mtumbwi wa fundi. Mtambo wa kuelea kwa kawaida unagharimu zaidi kuliko wa nchi kavu wenye nguvu ile ile, na ubaridi peke yake haulipi tofauti hiyo.

Na ardhi? Japani hawana. Sisi tunayo. Mradi mkubwa wa umeme jua wa TANESCO uko kwetu huko huko Kishapu, kijiji cha Ngunga: megawati 150 kwa mpango mzima, awamu ya kwanza 50, kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Mkataba wa ujenzi ulisainiwa mwaka 2023. Umesimikwa ardhini, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu. Jua ni kali, tambarare ipo, fundi anafika kwenye paneli kwa miguu yake.

Kwa hiyo kama ubaridi ni mdogo na ardhi ipo, kwa nini mtu wa Shinyanga aangaike na paneli juu ya maji? Sababu ni moja: maji yenyewe.

Jua linakunywa kuliko ng'ombe

Shinyanga hupata mvua kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Novemba na Mei mwanzoni. Baada ya hapo mbingu zinafungwa. Wakati huo jua na upepo vinaendelea na kazi yao kila siku. Maji ya wazi sehemu kame kama yetu yanaweza kupoteza milimita 5, 6 au zaidi kwa siku kwa kuvukizwa tu, bila mtu kuchota.

Milimita 6 unaiona ndogo. Ni unene wa simu mbaya. Basi tupige hesabu ya lambo lenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 60. Hizo ni mita za mraba 3,600. Zidisha kwa milimita 6, unapata mita za ujazo 21.6, yaani lita 21,600 kwa siku moja. Ng'ombe wa kienyeji tumpe lita 40 kwa siku, na hapo tumemkirimu. Lita 21,600 ni kinywaji cha ng'ombe 540.

Nilipomwambia babu hesabu hii aliguna. Alisema alikuwa anajua siku zote kwamba lambo lina mwizi, ila hakujua kwamba mwizi ana kundi kubwa kuliko la kijiji.

Kuanzia Mei hadi Oktoba, siku kama 180, lambo hilo linashuka zaidi ya mita moja kwa sababu ya jua pekee. Lambo letu lina kina cha mita mbili na nusu pale katikati, mwaka wa mvua nzuri. Ongeza ng'ombe, mbuzi, punda wanaobeba madumu, kina mama wanaofua, na maji yanayonywewa na udongo. Mwezi wa tisa watu wanaanza kuangaliana. Vijana wanaondoka na mifugo kutafuta maji, wengine wanafika mbali sana, na kuna mwaka binamu yangu aliondoka na ng'ombe akiwa darasa la sita na hakurudi kufanya mtihani wa la saba. Ndiyo maana mimi uvukizi siuoni kama mada ya kujazia mtihani.

Nilitaka kuona kwa macho kama kivuli kinasaidia. Nikachukua mabeseni mawili yanayolingana, nikayajaza maji sawasawa, moja nikaliacha wazi na lingine nikalifunika zaidi ya nusu kwa kipande cha ubao kilichoinuliwa kidogo juu ya maji. Jaribio la kwanza lilinywewa na mbuzi. La pili nililizungushia miiba. Beseni la wazi lilipokauka kabisa, lile lililofunikwa bado lilikuwa na maji ya kunawa uso watu kadhaa. Si utafiti wa kuchapishwa, najua. Lakini nyumba nzima ilikuja kuangalia, na bibi akaanza kufunika ndoo zake za nje.

Paneli zinazoelea zinafanya kazi ya ule ubao: zinazuia jua lisiyapige maji na zinapunguza upepo unaoyapitia. Haziondoi uvukizi wote, kwa sababu hewa bado inapita chini yake na sehemu isiyofunikwa inaendelea kupoteza. Ukifunika theluthi ya bwawa, tegemea kuokoa kitu kisichofika theluthi. Kivuli pia kinapunguza ule ukijani unaoota juu ya maji. Ila ukifunika bwawa lote, mwanga na hewa vinapungua na samaki wanapata shida. Kwa hiyo kipimo kinahitajika.

Kwa nini lambo la babu si mahali pake

Sasa turudi kwenye maswali mawili ya mzee.

La kwanza, ng'ombe watanywea wapi. Lambo halina mwenyewe mmoja. Asubuhi ni la wachota maji, mchana ni la mifugo, jioni ni la watoto wanaoogelea ingawa wamekatazwa. Ng'ombe 200 wenye kiu hawapangi foleni. Wanaingia mpaka tumboni. Weka humo nyaya zenye umeme mkali na maboya yanayoyumba, halafu mwambie mtoto wa miaka tisa asikanyage. Ni ajali inayosubiri siku yake.

La pili, vitaelea juu ya nini. Kisiwa cha paneli kimetengenezwa kukaa juu ya maji. Maji yakishuka mpaka tope, maboya yanalala juu ya kitu kisicho sawa, viungo vinapinda, kamba za nanga zinalegea, na mvua ya kwanza ya Novemba inaingia na mkondo wa matope na matawi. Mtambo unaweza kutengenezwa kuhimili kushuka kwa maji, lakini kila mita unayoiongeza inaongeza gharama. Lambo la kijiji ndilo maji yanayopanda na kushuka kupita yote.

Kuna na la tatu ambalo babu hakuliuliza, nami niliuliza mwenyewe usiku: umeme ukipatikana, nani anautumia hapo? Theluthi ya lambo lile ingebeba paneli za kilowati 80 hadi 120. Kijiji chetu mchana hakina mashine ya kumaliza hata robo yake. Ungehitaji kuupeleka mbali, na nguzo si bure.

"Basi twende Ziwa Victoria," alisema jamaa mmoja wa mwaka wa tatu nilipoieleza habari hii kwenye mdahalo wetu wa Ijumaa. Watu wakapiga makofi. Ni wazo tamu, lakini ziwa lile lina mawimbi kama bahari, na lina magugu maji na visiwa vya matete vinavyotembea. Aprili 2020 kisiwa kimoja cha namna hiyo kilisukumwa hadi kwenye bwawa la umeme la Nalubaale pale Jinja, kikaziba mitambo, na Uganda ikaingia gizani. Kisiwa cha matete kikikutana na kisiwa cha paneli, matete hayatapata hasara. Upepo nao usiuchezee: Septemba 2019 kimbunga Faxai kilikunja mtambo wa kuelea wa Yamakura, Japani, paneli zikapandiana na moto ukawaka katikati ya maji. Na Japani wanajua kujenga.

Mashimo ya dhahabu

Tatizo la mchoro wangu lilikuwa kwamba niliangalia maji yanayotumiwa na watu wengi kupita yote, nikataka kuyafunika. Ukitoka Kishapu ukaenda Kahama, kisha Geita, unakutana na maji mengine kabisa. Ukanda wetu umechimbwa. Mwadui almasi, Kahama na Geita dhahabu. Migodi ina mabwawa ya kuhifadhi maji ya kuchenjulia, ina mabwawa ya tope, na ikifungwa inaacha mashimo ambayo taratibu yanajikusanyia maji ya mvua na ya chini ya ardhi. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulimaliza kazi mwaka 2021. Ukanda huu utaona migodi mingine ikifungwa kabla sisi hatujastaafu.

Maji ya mgodi hayanyweshwi ng'ombe. Hayavuliwi samaki. Yamezungushiwa uzio na yana mlinzi. Na pembeni yake, kama mgodi bado uko kazini, kuna mteja mwenye njaa ya umeme: vinu vya kusaga mawe, pampu, feni za kupeleka hewa chini ya ardhi. Yale maswali matatu yote yanapata majibu.

Wenzetu wameshajaribu. Huainan, mkoa wa Anhui, China, ardhi iliyochimbwa makaa ya mawe ilititia ikajaa maji, ikawa ziwa lisilolimika wala kujengeka. Mwaka 2017 wakawasha juu yake mtambo wa kuelea wa megawati 40. Huko Chile, mgodi wa shaba wa Los Bronces uliweka mwaka 2019 kisiwa kidogo cha paneli, kama mita za mraba 1,200, juu ya maji ya bwawa lake la tope. Shabaha yao kubwa ilikuwa kupunguza uvukizi, kwa sababu wako eneo kame na kila lita inayoruka angani ni lita ya kutafutwa tena kwingine. Ukiondoa milima, ni hadithi ya kwetu.

Hapa lazima niweke breki. Bwawa la tope si karai. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, tope likafunika mashamba na makazi ya watu wa vijiji vya jirani. Bwawa ambalo ukuta wake hauna uhakika linahitaji kurekebishwa, paneli si dawa yake. Mashimo makubwa nayo yana kingo zinazoporomoka, na maji yake yanapanda kwa miaka mingi kabla ya kutulia. Kwa hiyo sisemi kila shimo liwekwe paneli kesho. Ninasema mipango ya kufunga mgodi inaandikwa miaka mingi kabla, na ndiyo wakati wa kuuliza shimo litabaki na maji kiasi gani, kina gani, na njia ya umeme iliyokuwa inaulisha mgodi ing'olewe au ibaki ili siku moja irudishe umeme kwa kijiji. Njia hiyo ikishang'olewa, kuirudisha ni pesa nyingine.

Mahali pengine ni vyanzo vya maji vya mijini. Shinyanga mjini kabla ya maji ya Ziwa Victoria kufika mwaka 2009 ilitegemea bwawa la Ning'hwa. Maji ya ziwa yenyewe yanasukumwa kwa pampu kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi. Pampu ni mteja mzuri wa sola: inaweza kufanya kazi kubwa mchana, ikajaza tangi kilimani, na usiku maji yakashuka yenyewe. Tangi linakuwa betri. Ndicho wanachofanya wale wa Naivasha na mawaridi yao: bwawa ni la kwao, uzio ni wa kwao, na umeme unatumika hapo hapo shambani.

Mtera inaingiaje hapa

Msomaji wa Mbeya au Tanga anaweza kusema haya ya Shinyanga hayamhusu. Yanamhusu, kwa sababu ya gridi.

Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lina mitambo ya megawati 80, na maji yake yakitoka hapo yanakwenda kuzungusha megawati 204 za Kidatu. Likijaa lina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 600. Ni sahani pana yenye maji, sehemu kame ya nchi, na jua linaijua. Wanaokumbuka mgao wa 2006, wa 2011 au ule wa mwishoni mwa 2022 wanajua jinsi ukame unavyotufikia sote kwenye swichi.

Tuchukue kilomita moja tu ya mraba ya Mtera. Kwa kanuni ya mkono, hekta moja ya paneli ni karibu megawati moja, kwa hiyo kilomita hiyo inabeba kama megawati 100. Jua la saa sita linatoa zaidi ya mitambo yote ya Mtera ikiwa kazi kamili. Usiku paneli hazitoi kitu, hilo tusilifiche. Lakini kila saa ambayo paneli zinafanya kazi mchana, unaweza kufunga maji, ukayatunza mpaka saa moja jioni watu wanapowasha taa na kupika. Kivuli nacho, tukikadiria kwa woga kwamba kinaokoa mita moja tu kwa mwaka, ni lita bilioni 1. Nyaya na njia ya kusafirisha umeme zipo tayari, na njia kuu ya kilovoti 400 inatoka Iringa, inapita Dodoma na Singida, inaishia Shinyanga. Umeme uliotunzwa kwenye maji ya Mtera unaweza kuwasha taa Kishapu.

Hata huko swali la babu linabaki. Mtera ina wavuvi na ina wafugaji. Maji yake yanaruhusiwa kushuka kutoka mita 698.5 juu ya usawa wa bahari hadi 690, na kingo zinasogea mbali sana yanaposhuka. Kilomita hiyo moja itachaguliwa wapi, na nani ataulizwa? Mhandisi akifika na mchoro wa rangi tatu kabla hajakaa na wavuvi, namtakia heri. Mimi nimeshapita huko.

Nilichomjibu babu

Siku tatu kabla ya kurudi chuo nilikaa tena na babu. Nikamwambia nimeufuta mchoro. Lambo lake halihitaji paneli za kuelea. Linahitaji vitu vitatu, na sola ni kimoja tu.

Kwanza, kina. Maji yale yale ukiyahifadhi kwenye lambo lenye nusu ya eneo na mara mbili ya kina, unampunguzia jua nusu ya sahani yake. Kuchimba ni rahisi kuliko kuelea. Pili, uzio wa miti, ng'ombe wasiingie kukanyaga kingo na kujaza tope linalofanya lambo liwe bapa mwaka hadi mwaka. Tatu, paneli chache ukingoni, nchi kavu, pampu ndogo, na birika la kunyweshea mifugo nje ya uzio.

"Uzio?" akauliza. "Nani atakubali kuzungushia lambo la wote?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikamkumbusha ngitili. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mkoa wetu ulikuwa unaitwa jangwa. Miti ilirudi kwa sababu wazee wenyewe walikubali kufufua desturi ya zamani ya kutenga malisho, kuyafunga msimu wa mvua na kuyafungua kiangazi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa, Tuzo ya Ikweta. Kama watu waliweza kukubaliana kufunga majani, wanaweza kukaa na kuzungumza kuhusu maji.

Babu hakusema ndiyo. Alisema jambo hilo ni la mkutano wa kijiji, na kwamba mimi sitasema kwanza. Nitasema nikiulizwa. Nikaitika.

Kesho yake alfajiri tulikwenda wote lamboni na mti mrefu wa mkwaju niliouchora alama kila sentimita 10. Tukausimika pale penye kina, mimi nikiwa ndani ya maji mpaka kifuani na yeye ukingoni akinielekeza kama fundi mkuu. Sasa kila Jumapili mdogo wangu anasoma alama, anaiandika kwenye daftari la hesabu, na ananitumia kwa simu. Ukija chumbani kwangu utakuta karatasi ukutani yenye mstari unaoshuka. Wiki hii uko kwenye sentimita 140, na mvua bado ziko mbali.